Chupa zilizopimwa Nambour: Adele Green na swali la kama sanskrini inazuia kansa ya ngozi kweli

Ukimuuliza mtu yeyote kama losheni ya kukinga jua, yaani sanskrini, inazuia kansa ya ngozi atakujibu ndiyo bila hata kuwaza, manake inaonekana ni kitu cha wazi kabisa, jua linaunguza ngozi, losheni inazuia jua, basi imeisha. Kumbe mpaka mwaka 1999 hakukuwa na jaribio lililowagawa watu kwa kura, hawa wapake kila siku na wale waendelee na mazoea yao, alafu likakaa miaka likihesabu nani kapata kansa na nani hajapata. Kulikuwa na panya wa maabara, kulikuwa na dalili, kulikuwa na hoja nzuri tu. Aliyelisukuma jaribio lenyewe ni daktari na mtafiti wa Australia, Adele Green, na mimi naona kazi yake ni mfano mzuri sana wa jinsi swali linaloonekana jepesi linavyoweza kumla mtu nusu ya maisha yake ya kazi.

Tuanze na kwa nini ni gumu. Wakusanye watu wenye melanoma, ile kansa ya ngozi ambayo ni hatari kuliko zile za kawaida, waulize kama walikuwa wanapaka sanskrini, alafu waulize swali hilohilo watu wazima wa afya. Watafiti walifanya hivyo mara nyingi tu, na baadhi ya tafiti zikatoa jibu la kutisha, kwamba waliokuwa wanapaka ndo walioumwa zaidi! Sasa hapo unaweza kukimbilia kusema losheni ndo inaleta kansa, na wapo wanaosema hivyo mpaka leo. Lakini jiulize nani hasa anajipaka sanskrini. Ni yule mwenye ngozi nyeupe sana inayoungua dakika kumi tu, ni yule ambaye mama yake aliwahi kuumwa, ni yule anayeshinda juani wikiendi nzima. Yaani mtu ana hatari tayari kabla hajafungua chupa. Ni kama kuona watu wenye miavuli ndo wengi wao wamelowa miguu ukasema basi mwavuli unaleta mvua.

Na kuna mtego mwingine. Mwaka 1999 mtafiti Philippe Autier na wenzake walichapisha jaribio dogo la vijana 87 wa Ulaya waliokwenda likizo, wengine walipewa losheni ya SPF 10 na wengine ya SPF 30 (SPF ni namba ya nguvu ya losheni kuzuia kuungua) bila kuambiwa ipi ni ipi. Waliopewa SPF 30 walikaa juani masaa mengi zaidi, kama 73 dhidi ya 58 kwa likizo nzima. Ngozi ilichelewa kuungua kwahiyo hakuna kilichowaambia mapema sasa toka. Kwahiyo losheni nzuri ikitumiwa kuongeza muda wa kuota jua faida yake inaweza kuyeyuka hukohuko juani, na huwezi kulijua hilo kwa kupima losheni maabara, lazima uangalie binadamu anavyoishi nayo.

Sasa Green. Yeye ni wa Queensland, jimbo la kaskazini mashariki mwa Australia, na kama unasoma kansa ya ngozi huwezi kuzaliwa mahali pengine penye maana zaidi ya hapo. Viwango vya melanoma vya Queensland ni vya juu kuliko karibu popote duniani, na sababu haina siri, watu wenye asili ya Uingereza na Ireland, ngozi ambayo ilizoea mawingu, wanaishi chini ya jua la tropiki, wanalima, wanavua, wanacheza kriketi. Green alisomea udaktari kisha akaingia kwenye epidemiolojia, ile sayansi ya kufuatilia magonjwa kwenye umati wa watu badala ya mgonjwa mmoja mmoja, na miaka ya 80 alikuwa tayari anachapisha kuhusu melanoma Queensland. Mojawapo ya mambo yaliyotoka kwenye kazi hizo za mwanzo ni kwamba idadi ya vidoa vyeusi mtu alivyonavyo mwilini, vile vya kawaida kabisa, inaeleza hatari yake vizuri sana.

Mwaka 1986 timu yake kwenye taasisi ya utafiti wa tiba ya Queensland huko Brisbane ilikwenda Nambour, mji mdogo kama kilomita 100 kaskazini mwa Brisbane, enzi hizo mji wa miwa. Walichagua wakazi kwa bahati nasibu, watu 2095 wa umri wa miaka 20 hadi 69, wakawakagua ngozi. Lengo la kwanza lilikuwa kuhesabu tu, kujua ugonjwa uko kiasi gani kwa watu wa kawaida, sio wale waliokwenda hospitali wenyewe. Hii hatua watu wanairuka wakisimulia lakini bila hiyo jaribio lisingewezekana, manake tayari walikuwa na watu wanaofahamika, ngozi zao zimeandikwa, na watu wenyewe wamewazoea watafiti.

Mwaka 1992 wakarudi, watu 1621 wakakubali kuingia. Kura ikapigwa, 812 wakaambiwa wapake sanskrini kila asubuhi kichwani, shingoni, kwenye mikono na viganja, na warudie wakitoka jasho jingi au wakioga au wakikaa sana juani. Wale 809 waliobaki wakaambiwa endeleeni kama mlivyozoea, anayepaka apake, asiyepaka asipake. Hapa niseme kitu, wengi huuliza kwa nini hawakupewa losheni feki isiyo na kinga. Jibu ni la utu, huwezi kumpa mtu wa Queensland losheni ya uongo ukamwacha aamini amekingwa na lile jua. Kwahiyo kilicholinganishwa Nambour ni kupaka kila siku dhidi ya kupaka pale mtu anapojisikia, na hiyo maana yake faida yoyote itakayoonekana ni ya nyongeza tu juu ya ile ambayo baadhi ya watu walikuwa wanaipata tayari. Jaribio lilijiwekea mlima mrefu.

Alafu kuna hili jambo la chupa ambalo mimi nalipenda kuliko yote. Ukimuuliza mtu "unapaka?" atasema napaka, nani atamwambia daktari hapaki. Kwahiyo walizipima. Mtu anapewa chupa, baada ya miezi anairudisha, inawekwa kwenye mizani na kilichopungua ndo kilichotumika. Rachel Neale, mmoja wa watafiti wa Nambour, alikuja kuchapisha hesabu hiyo mwaka 2002. Mtu wa katikati alitumia gramu 1.5 kwa siku, ambayo kwenye ngozi inakuwa kama miligramu 0.79 kwa kila sentimita moja ya mraba. Sasa namba ya SPF unayoisoma kwenye chupa hupimwa maabara kwa miligramu 2 kwa sentimita ya mraba. Yaani watu wenye nia njema kabisa, wanaofuatiliwa, wanaopewa losheni bure, walipaka chini ya nusu ya kile chupa inachodai. Na losheni yenyewe haikuwa kali, ilikuwa ya SPF 15 na kidogo, leo ukiiona dukani utaipita. Shika hilo ukisoma matokeo.

Miaka minne na nusu ikapita mpaka 1996, matokeo yakatoka 1999 kwenye jarida la The Lancet. Hapa lazima tutofautishe kansa mbili manake vichwa vya habari huzichanganya. Kuna ya seli bapa za juu ya ngozi, wataalamu huiita skwamasi, na kuna ya seli za tabaka la chini la ngozi ya juu, tuiite ya beso. Zote mbili ni za kawaida sana kwa watu weupe na mara nyingi hutibika zikiwahiwa, ingawa skwamasi inaweza kusambaa. Idadi ya uvimbe wa skwamasi kwa waliopaka kila siku ilikuwa chini kwa karibu asilimia 40. Kwa beso hakuna kitu, namba zilikuwa karibu sawa pande zote mbili.

Wengine walisoma hivyo wakasema basi losheni inafanya kazi nusunusu. Mimi nadhani ndo sehemu inayofundisha zaidi. Miale ya jua inayotuhusu ni ya urujuanimno, UV, na imegawanyika, UVB ni ile fupi yenye nguvu, UVA ni ndefu zaidi na inazama ndani zaidi. UVB ikigonga DNA ya seli ya ngozi, yale maelekezo ya seli yaliyoandikwa kama kwa herufi, inaweza kuunganisha herufi mbili zilizo jirani zishikamane mahali ambapo hazitakiwi kushikamana, ni kama zipu ambayo meno mawili yamekwama pamoja. Seli ina mafundi wake, wanakata hicho kipande na kukishona upya, na mara nyingi wanafanikiwa. Wasipofanikiwa seli ikigawanyika kosa linarithiwa, na kosa likitua kwenye jeni kama p53, ambayo kazi yake mojawapo ni kuiamuru seli iliyoharibika ijiue, basi breki imekatika. Ushahidi kwamba mafundi hawa ni muhimu tunao kwa watu waliozaliwa na ugonjwa wa zeroderma pigmentosamu, ambao ukarabati huo kwao ni mbovu, wanapata kansa za ngozi tangu utotoni.

Skwamasi inafuata jumla ya jua la maisha, makosa yanajikusanya polepole na seli zilizoharibika zinaendelea kuchochewa na jua la sasa hivi, kwahiyo ukipunguza jua leo hata kama una miaka 50 unaiondolea kitu. Beso inaonekana kutegemea zaidi jua la zamani na la vipindi, ya utotoni na ujanani, na inachukua muda mrefu, kwahiyo miaka minne na nusu kwa mtu mzima haitoshi kuona kitu. Hiyo ni tafsiri lakini inashikana na yaliyofuata. Walipowafuatilia watu walewale kwa miaka mingine nane baada ya jaribio kuisha, skwamasi ilibaki chini kwa asilimia 38 kwenye kundi lililopaka, na beso ilianza kuelekea kushuka ila sio kwa kiwango cha kumridhisha mtu wa takwimu.

Kuna nusu nyingine ya jaribio ambayo haizungumzwi. Kura ilikuwa mbili kwa mpigo, mbali na losheni, watu waligawanywa tena, hawa wakapewa vidonge vya beta-karotini miligramu 30 kwa siku, wale wakapewa kidonge tupu. Mwanzoni mwa miaka ya 90 beta-karotini ilikuwa ndo tumaini kubwa, ile rangi ya karoti, watu wanaokula mboga nyingi walionekana kuugua kansa kidogo, kwahiyo ikadhaniwa ndo siri yenyewe. Mwaka 1994 jaribio la Finland kwa wavutaji sigara zaidi ya 29,000 likaonyesha waliomeza beta-karotini walipata kansa ya mapafu ZAIDI. Nambour haikuona madhara ya wazi kwenye ngozi lakini haikuona faida pia, sifuri, na baadaye kwenye mikunjo ya ngozi ikawa sifuri vilevile. Nashukuru walichapisha sifuri yao kwa uwazi uleule waliochapisha ushindi, manake vidonge vya "kulinda ngozi kutoka ndani" bado vinauzwa kwa hoja ileile ya karoti.

Sasa melanoma, ambayo ndo kila mtu alikuwa anaisubiri. Kwa watu 1621 melanoma ni chache, kwa miaka minne usingeona chochote cha maana, kwahiyo Green na wenzake wakafanya kitu ambacho kinahitaji subira, wakaendelea kuhesabu mpaka mwisho wa 2006, miaka kumi baada ya losheni ya bure kusimama. Mwaka 2011 wakatoa namba: melanoma mpya 11 kwa kundi la kila siku, 22 kwa kundi la mazoea. Nusu. Na zile zilizokwisha kuzama ndani ya ngozi, ambazo ndo hatari zaidi, zilikuwa 3 kwa 11.

Ukiishia hapo unasherehekea, lakini tuzitazame kwa karibu manake namba ndogo zina tabia zake. Kwenye ile ya 11 kwa 22 kipimo cha takwimu kilisema hatari imepungua nusu, lakini ukweli unaweza kuwa popote kati ya kupungua kwa asilimia 76 na kutopungua kabisa, yaani ilikosa kuvuka mstari wa takwimu kwa unywele. Wakosoaji walisema hivyo, na wakauliza pia mbona baadhi ya melanoma zilitokea kwenye kiwiliwili ambako watu hawakuambiwa wapake. Ni maswali halali. Mimi nikiyapima naona ushahidi unaegemea upande mmoja, kura ilikuwa ya haki, tofauti ilikuwa kubwa, na inaendana na skwamasi na tunachokijua kuhusu DNA, lakini mtu akikuambia imethibitishwa mia kwa mia kwamba sanskrini inakata melanoma nusu, amezidisha. Na kulirudia jaribio hili leo ni kazi ngumu sana, nani atakubali kuwaacha watu 800 wa Queensland na mazoea yao kwa miaka 15.

Mwaka 2013 ikatoka nyingine kutoka kwenye watu walewale, na hii imewagusa hata wasiojali kansa. Mwaka 1992 na tena 1996 walikuwa wamemwaga mpira laini wa silikoni nyuma ya kiganja cha kila mtu, ukakauka, wakaubandua. Unabaki na nakala ya ngozi, kila mstari, kila kimkunjo, kama alama ya matairi kwenye udongo mbichi. Ngozi changa ina vimistari vingi vyembamba vinavyokatana kama wavu, ngozi iliyochakazwa na jua wavu unafutika, inabaki mifereji michache minene inayoelekea upande mmoja. Wapimaji wakaweka madaraja bila kujua kiganja ni cha nani. Kwa watu 903 wa chini ya miaka 55, waliopaka kila siku walikuwa na dalili za kuzeeka kwa ngozi pungufu kwa asilimia 24, na kwa wastani viganja vyao havikuonyesha kuzeeka zaidi kwa muda wote wa jaribio. Hiyo ni kazi ya UVA kwa sehemu kubwa, inaingia ndani na kuvunja kolajeni, zile nyuzi zinazoishikilia ngozi.

Katikati ya hayo Green alikuwa pia kwenye meza za kimataifa, mojawapo ni kundi la shirika la kimataifa la utafiti wa kansa, IARC, lililopitia ushahidi wa vitanda vya kuotesha jua la taa. Ripoti ya 2007 ilisema anayeanza kuvitumia kabla ya miaka 35 anajiongezea hatari ya melanoma kwa asilimia 75, na 2009 IARC ikaviweka daraja moja na tumbaku, yaani vinasababisha kansa bila ubishi. Majimbo mengi ya Australia yakavipiga marufuku kibiashara kuanzia 2015.

Sasa kwa wenye ngozi nyeusi, manake najua wengi mnaosoma hapa mnajiuliza. Jaribio la Nambour lilihusu watu wengi wao weupe, na kuchukua asilimia zake ukazibandika kwa mtu mweusi ni kosa. Melanini, ile rangi ya ngozi, kwenye ngozi nyeusi haikai ovyo, inajipanga juu ya kiini cha seli kama kofia, DNA inakaa kivulini. Melanoma ikimpata mtu mweusi mara nyingi inatokea kwenye nyayo, viganja au chini ya kucha, sehemu ambazo jua halihusiki sana, kwahiyo kwake kukagua nyayo na kucha kuna maana zaidi kuliko kununua losheni kwa hofu ya melanoma. Losheni inaweza kumfaa kwa madoa meusi yanayokolezwa na jua, hiyo ni hoja nyingine. Lakini mtu mwenye ualbino hadithi yake ni tofauti kabisa, hana ile kofia, skwamasi inampata mapema na inaua, na kwake namba ile ya asilimia 40 ni jambo la kufa na kupona, pamoja na kofia pana, mikono mirefu na kivuli.

Na vitamini D? Ngozi inaitengeneza kwa UVB ileile inayoharibu DNA, kwahiyo kimantiki ukizuia moja unazuia nyingine. Kwa miaka mingi jibu lilikuwa usijali, manake watu wanapaka kidogo mno kiasi kwamba jua linapenya, na majaribio ya zamani yenye losheni hafifu hayakuona upungufu. Rachel Neale, yuleyule wa chupa za Nambour, amelirudia swali hili Australia na losheni kali za siku hizi za SPF 50 na kuendelea, watu wakigawanywa kwa kura vilevile, na safari hii waliopaka mara kwa mara walikuwa na upungufu wa vitamini D zaidi kuliko wenzao. Hakuna aliyesema waache kupaka, kidonge cha vitamini D kinaziba hilo pengo kirahisi na uvimbe wa skwamasi hauzibwi na kidonge. Ila ushauri wa Australia wenyewe umebadilika, mwaka 2024 wataalamu wao waliwagawa watu makundi matatu kwa hatari, mweupe anayeungua haraka ajikinge sana na vitamini aipate kwingine, na mwenye ngozi nyeusi sana kwa kawaida hahitaji sanskrini kila siku akiwa kwenye shughuli zake za kawaida nje.